Samaki wa Mkataba

Tarehe 26 Desemba 1854, gavana Isaac Stevens alikaa na wakuu wa Wanisqually, Wapuyallup, Wasquaxin na jamaa zao kando ya kijito kidogo, karibu na mahali mto Nisqually unapoingia baharini. Nchi ile leo ni jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Gavana alikuwa na umri wa miaka 36 na haraka nyingi. Alitaka kufunga mikataba na makabila yote ya eneo lile ndani ya miezi michache, na karatasi aliyokuja nayo ilikuwa imeshaandikwa kabla wakuu hawajafika.

Ilivyosomwa ndio mkasa wenyewe. Wanisqually walikuwa na lugha yao, lakini Stevens aliamuru maneno yake yapitishwe katika Chinook, lugha ya sokoni ya pwani ile, yenye maneno mia chache ya kuuziana ngozi na samaki. Palikuwa na kijana mmoja anaitwa Owen Bush, mtoto wa George Bush, mtu mweusi aliyekuwa miongoni mwa walowezi wa mwanzo kabisa wa Tumwater. Owen alizijua lugha za wenyeji. Baadaye alisimulia kwamba yeye angeweza kuwafasiria, ila gavana hakutaka. Mswahili yeyote anaijua tofauti ya lugha ya kupatana bei ya nazi na lugha ya kugawia urithi.

Alama 62 za msalaba zikawekwa kwenye karatasi. Kwa alama hizo serikali ya Marekani ilipata takriban ekari 2,240,000 kwa dola 32,500, tena za kulipwa kidogo kidogo kwa miaka 20. Piga hesabu: ekari moja haikufika senti 2.

Aliyesoma historia katika shule za Tanzania hapo hapo atamkumbuka Mangungo wa Msovero, aliyewekewa karatasi na Karl Peters mwaka 1884, miaka 30 baada ya hawa. Kwetu Mangungo amekuwa jina la utani. Mtu akisaini mkataba mbovu, uwe wa kiwanja au wa mgodi, ataitwa Mangungo mpaka achoke. Naona tumemwonea mzee yule, lakini hilo tuliache. Wakuu wa kando ya kijito kile walipoteza ardhi, ndiyo, ila kuna kitu hawakukiachia, nacho kimeandikwa katika kifungu cha 3: haki ya kuvua samaki katika sehemu zao zote za mazoea, kwa pamoja na raia wengine wa nchi. Stevens hakuona taabu kukikubali. Samaki walikuwa tele, walowezi wachache, na serikali iliona nafuu watu wajilishe wenyewe kuliko kuwalisha.

Mimi ni mtoto wa Pangani, baba yangu alikuwa mvuvi wa jarife, na sasa naishi Lacey, jirani kabisa na kijito hicho. Barabara kuu ya kwenda Seattle inakatiza pale pale kwenye mdomo wa mto. Maji yakipwa, tope linang'aa kama la kwetu na ndege wanashuka kula. Kwa hiyo nikisoma maneno "sehemu za mazoea" sihitaji mwanasheria. Pangani kila mvuvi anajua nani anatega wapi, na anajua kwamba sehemu haina maana bila majira yake: samaki yule, bamvua lile, upepo ule. Wanisqually walikuwa wakijua hivyo hivyo. Samoni huzaliwa mtoni, hushuka baharini akakaa miaka, kisha hurudi kwenye mto ule ule aliozaliwa ili atage na kufa. Ukimfungia mvuvi njia ya kufika kwenye mto wake, huwezi kumwambia akavue kwingine.

Na ndicho walichofanyiwa tangu siku ya kwanza. Wanisqually walitengewa ekari 1,280 juu ya kilima chenye mawe na misitu, mbali na mto. Wavuvi kupelekwa mlimani! Leschi, mkuu wao, mtu wa farasi wengi na rafiki wa walowezi wengi, alikataa. Vita vikazuka mwaka 1855. Mwaka uliofuata, kwenye baraza la Fox Island, Stevens alilegeza, na ardhi yao ikaongezwa mpaka ekari zaidi ya 4,700, kingo zote mbili za mto zikiwamo. Leschi mwenyewe alinyongwa tarehe 19 Februari 1858 kwa kumuua ofisa wa mgambo vitani, kosa alilolikana mpaka mwisho. Wanajeshi wa kambi ya Steilacoom walikataa anyongewe kwao, wakisema mpiganaji aliyeua vitani hawezi kuitwa muuaji, basi akanyongewa nje ya kambi. Desemba 2004 jopo la majaji lililoketi kwa ajili ya historia lilimsafisha jina, miaka 146 baadaye. Kingo zile za mto zililipiwa kwa shingo yake.

Miaka iliyofuata naipita haraka, kwa sababu ni hadithi ile ile. Viwanda vya samaki wa makopo vilifika, mitego mikubwa ikawekwa baharini, samoni wakaanza kupungua, na serikali ya jimbo ikaamua kwamba wa kulaumiwa ni mwenyeji mwenye nyavu mtoni, anayevua nyuma ya watu wote. Mwaka 1905 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Wayakama dhidi ya ndugu wawili waliowafungia njia ya mto Columbia, ilisema jambo ambalo kila mwanafunzi wa sheria wa huku hulijua: mkataba haukuwapa wenyeji haki, wenyeji ndio waliotoa, na wasichokitoa kikabaki chao. Maneno mazito, lakini askari wa samaki wa jimbo hawakuyasoma. Kisha mwaka 1917 jeshi lilitaka kambi ya mafunzo. Karibu theluthi mbili ya ardhi ya Wanisqually, yote ya upande mmoja wa mto, ilichukuliwa kwa ajili ya Camp Lewis, na familia zikahamishwa. Mmoja wa waliohamishwa, Willie Frank, alichukua fidia yake akanunua ekari 6 chini zaidi ya mto. Mahali hapo pakaitwa Frank's Landing, na bila ekari hizo 6 sidhani kama ningekuwa na cha kuandika.

Mtoto wake Billy alikuwa na miaka 14, majira ya baridi ya mwaka 1945, akitoa samoni kwenye nyavu gizani, tochi zilipommulika. Askari wa samaki wawili. Walimkandamiza uso kwenye tope. Kijana akapiga kelele kwamba yeye anaishi pale. Huko ndiko kukamatwa kwake kwa kwanza. Baadaye alikamatwa tena zaidi ya mara 50. Katikati yake alitumikia jeshi la Marine na akafanya kazi ya kupanda nguzo za umeme, lakini kila msimu wa samaki alikuwa mtoni. Mtumbwi ulichukuliwa, nyavu zikachukuliwa, akaingia jela, akatoka, akashona nyavu nyingine. Anayejua bei ya nyavu na saa za kuziunga atakuelewesha ukubwa wa jambo hilo kuliko hotuba yoyote.

Mwaka 1963 na 1964 wavuvi wenyeji walibadili mbinu. Zamani walivua usiku wakijificha. Sasa walivua mchana na kuwaita waandishi wa habari. Mbinu hiyo wakaipa jina la Kiingereza lililofuata mfano wa vijana weusi wa kusini waliokuwa wakikaa chini kwenye mikahawa iliyowakataza. Tarehe 2 Machi 1964 Marlon Brando, mwigizaji maarufu kuliko wote wa zama zake, alipanda mtumbwi kwenye mto Puyallup, akakamatwa, na akaachiwa baada ya muda mfupi kwa sababu mwendesha mashtaka hakutaka kumfanya shujaa. Dick Gregory, mchekeshaji mweusi, hakuponea hivyo: yeye alifungwa Olympia mwaka 1968 na akagoma kula humo gerezani. Majina makubwa yalileta kamera. Mzigo ulibaki kwa wenyewe: Maiselle Bridges, dada yake Billy, na mumewe Al, na Hank Adams, kijana wa Kiassiniboine aliyekulia kwa Waquinault, aliyeandika barua na hoja nyingi za harakati ile. Oktoba 1965, pale Frank's Landing, askari waliuvamia mtumbwi uliokuwa na watoto ndani, na kina mama wakawapokea ukingoni kwa mawe na vijiti. Picha zake zipo. Zinaonesha wanawake waliovaa makoti ya baridi, nywele zimelowa, wakivutana na wanaume wenye sare kwa ajili ya nyavu moja.

Septemba 9, 1970, polisi wa Tacoma na askari wa jimbo waliivunja kambi ya wavuvi kwenye mto Puyallup kwa virungu na mabomu ya machozi. Walikamata watu wapatao 60, watoto wakiwamo. Mwanasheria wa serikali ya shirikisho, Stan Pitkin, alikuwepo akitazama, na moshi ule haukumchagua. Siku 9 baadaye alifungua kesi: Marekani dhidi ya jimbo lake lenyewe la Washington, kwa niaba ya makabila ya mikataba.

Hapa lazima niseme habari ya kwetu, maana bila hiyo msomaji hataona kwa nini kesi ile iliwezekana. Wamasai wa Laikipia nao walikuwa na mkataba, wa mwaka 1904, ulioahidi kudumu maadamu Wamasai wapo. Ulidumu miaka 7. Walipohamishwa kutoka kwenye malisho na maji mazuri ya Laikipia kupelekwa kusini, walikodi wakili wakaishtaki serikali ya kikoloni. Mwaka 1913 mahakama iliwajibu kwamba mkataba ule ulikuwa mambo ya dola na dola, na mahakama haina uwezo wa kuugusa. Wakili mwema, hoja njema, mlango umefungwa. Katiba ya Marekani, kwa upande wake, inasema katika ibara ya 6 kwamba mikataba ni sheria kuu ya nchi, na jaji wa kila jimbo anafungwa nayo. Sisemi Marekani ilikuwa na huruma zaidi kuliko Uingereza. Ekari 2,240,000 zinashuhudia. Nasema mlango ulikuwapo, na watu wa Frank's Landing waliugonga kwa miaka mingi mpaka mtu akalazimika kufungua.

Aliyefungua alikuwa Jaji George Boldt, aliyeteuliwa na Rais Eisenhower, mhafidhina, mkali wa hukumu, shabiki wa utaratibu. Hakuna aliyemtegemea. Kesi ilianza kusikilizwa Tacoma Agosti 1973. Wazee walieleza babu zao walivua wapi, wataalamu wakaleta kumbukumbu za mazungumzo ya Stevens, na ile Chinook yenye maneno mia chache ikarudi kumtesa aliyeilazimisha: kama wenyeji walielezwa kwa lugha ya namna hiyo, basi karatasi isomwe kama wao walivyoielewa. Tarehe 12 Februari 1974 Boldt aliamua kwamba kuvua "kwa pamoja" maana yake ni nusu kwa nusu. Makabila ya mikataba yana haki ya nusu ya samoni wanaoweza kuvuliwa wanaopita kwenye sehemu zao za mazoea. Wakati huo walikuwa hawapati hata sehemu 5 kwa mia.

Jimbo liliwaka moto. Sanamu ya jaji ilinyongwa, magari yakabandikwa vibandiko vya kumkejeli, meli za wavuvi weupe zikavua usiku kinyume cha amri. Siwezi kuwalaumu wale wavuvi wote. Wengi walikuwa na mikopo ya boti, na serikali ya jimbo ndiyo iliyowauzia leseni nyingi kuliko samaki waliopo. Mahakama Kuu ilimaliza ubishi tarehe 2 Julai 1979, kwa kura 6 dhidi ya 3, na hukumu iliandikwa na jaji aliyeitwa, kwa kejeli ya historia, Stevens. Makabila yakaunda tume yao ya uvuvi, Billy Frank akawa mwenyekiti wake kwa zaidi ya miaka 30, na mtu aliyefukuzwa mtoni kwa tochi akawa anaketi meza moja na wakuu wa idara iliyomfukuza, wakipanga nani avue lini. Alifariki Mei 2014. Mwaka 2015 Rais Obama alimtunuku nishani ya uhuru, ya juu kabisa kwa raia.

Hadithi ingeishia hapo, wengi huiishia hapo. Lakini nusu ya samaki ni nusu ya samaki waliopo. Samoni walizidi kupungua: mabwawa, ukataji miti, mashamba yaliyozuia maji ya bahari kwa kuta za udongo, na barabara. Mwaka 1999 samoni wa aina iitwayo chinook wa maeneo haya waliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Ukiwa na haki ya nusu ya ndoo tupu una nini? Mwaka 2001 makabila 21 yalirudi mahakamani katika kesi ile ile ya Boldt na kushtaki jambo dogo kwa sura: makalavati.

Hilo nimeliona kwa macho, maana nilikuwa nikifanya kazi ya kushika kibao cha kusimamisha magari kwenye ujenzi wa barabara. Tulipelekwa mahali ambapo lami ilikuwa nzima, haina hata ufa, na mitambo ikaanza kuichimba. Mwenzangu, Mkenya wa Homa Bay, alikuwa upande wa pili na redio yake. "Kaka, hii barabara imekosa nini?" akaniuliza. Nikamwambia sijui, labda wana pesa za kuchezea. Wakati wa chakula tulishuka bondeni kutazama. Chini ya barabara kulikuwa na bomba la bati lenye migongo, pana kiasi cha mtu kuingia ameinama. Upande wa juu maji yaliingia polepole. Upande wa chini bomba liliishia hewani, na maji yakaanguka kutoka usawa wa kiuno changu mpaka kwenye kidimbwi yalichokichimba yenyewe kwa miaka. Ndani ya bomba maji yalikuwa membamba na ya kasi, hayana jiwe wala kona ya kupumzikia. Mhandisi aliyekuwepo alituonesha kwa mkono: samoni mkubwa huenda akaruka akafika, mdogo hawezi kabisa, na juu ya bomba hilo kuna maili za kijito kizuri ambacho hakijaona samaki tangu lilipowekwa. Mwenzangu alitazama muda, kisha akasema kwao Ziwa Victoria wangemtafuta aliyeweka bomba lile wampige.

Jaji Ricardo Martinez alikubaliana na makabila mwaka 2007: serikali iliyoahidi samaki haiwezi kuwajengea samaki ukuta. Mwaka 2013 akaamuru jimbo lirekebishe makalavati yake mpaka 2030, ili asilimia 90 ya maeneo yaliyozibwa yafunguliwe. Jimbo lilikata rufaa mpaka juu, likasema gharama ni mabilioni ya dola. Juni 2018 majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika 4 kwa 4, na kura zikilingana hukumu ya chini husimama. Ndiyo maana barabara nzima inachimbwa na kuwekwa daraja, na ndiyo maana mimi nilipata mshahara. Bomba lile lilitolewa na kukatwa vipande. Kijito kiliwekewa mawe na magogo ili kipinde kama zamani.

Wanisqually wenyewe hawakungoja mahakama kwa kila kitu. Walianza kubomoa kuta za udongo kwenye ardhi yao mdomoni mwa mto, kisha mwaka 2009 ukuta mkubwa wa shamba la zamani uliondolewa na bahari ikarudi kwenye ekari 762. Ukienda maji yakijaa utaona mikondo inavyotafuta njia zake za kale. Na mwaka 2008 walipatana na mji wa Olympia, uliokuwa ukinywa maji ya chemchemi ya kijito kile kile cha mkataba, kwamba wachimbe visima vya pamoja mahali pengine. Chemchemi, ambayo kwa kabila ni mahali patakatifu, ikaachwa. Katika yote niliyoyasoma hili ndilo linalonishangaza zaidi. Hakukuwa na kesi wala virungu, ni kabila na manispaa wanagawana mabomba.

Lakini wakati makalavati yanatolewa, samoni wa aina iitwayo coho wanaofika kwenye vijito vya mjini bado walikuwa wakifa kabla ya kutaga, hasa baada ya mvua. Wanageuka geuka juu ya maji, midomo wazi, wanakufa ndani ya saa chache, mayai yote tumboni. Watafiti walihangaika miaka mingi, na mwishoni mwa 2020 walitangaza sababu: kemikali inayotokana na dawa inayotiwa kwenye matairi ili mpira usipasuke. Tairi linalika barabarani, vumbi lake linasombwa na mvua, linaingia kijitoni. Agosti 2023 makabila matatu, Wayurok, Waport Gamble S'Klallam na Wapuyallup (hawa wa mwisho ndio wale wale ambao wakuu wao waliweka alama mwaka 1854), waliiandikia mamlaka ya mazingira ya Marekani wakiitaka ipige marufuku dawa hiyo kwenye matairi. Novemba mamlaka ilikubali ombi na kuanza kulishughulikia. Wenye viwanda wanasema dawa mbadala isiyohatarisha usalama wa dereva bado haijapatikana. Matairi yangu manne yana dawa hiyo, na ya basi la shule linalopita mbele ya nyumba yangu pia.